Mdomo Uliocheka Msibani Kimuli

Mimi ndiye yule mwanamke aliyecheka kwenye msiba wa baba mkwe wake. Msijifanye hamjasikia, maana kuanzia Kimuli mpaka hapa Bugene hakuna aliyekosa kusikia, na kuna walioolewa huku miaka kumi baadaye wakaikuta habari yangu inawangoja kabla hata ya kuonyeshwa kisima. Basi leo nitaisema mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu mimi siku ile sikucheka, na mpaka leo nikikumbuka sichekeshwi, nachemka.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya Amin, ule wakati ambao kipande cha sabuni kinakatwa mara nne na sukari unaiota tu usingizini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nashona nguo kwa cherehani ya mama, na nilikuwa nimeposwa na Projestus wa Kimuli (enzi hizo Kimuli nayo ilikuwa Karagwe tu, Kyerwa haijawa wilaya). Tulikuwa tumekutana kwenye mkutano wa kwaya, yeye anaimba besi, mimi nimesimama mstari wa mbele. Posa ilishapokewa, mahari ilishapita, harusi tumeipanga baada ya mavuno ya kahawa.

Na nilikuwa na kovu. Nikiwa mtoto wa miaka sita nilijikwaa nikaangukia panga la kukatia migomba lililokuwa limeegemezwa ukutani, likanipasua kuanzia kona ya mdomo, upande wa kushoto, kupanda shavuni, urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Bibi akanifunga majani yake, likapona lenyewe. Lilikuwa linang'aa kidogo, basi, hakuna aliyekimbia akiliona. Projestus alikuwa akiniambia ndilo lililomfanya anitambue haraka katikati ya waimbaji wote wale (mwanamume akiwa anaposa ana maneno, ninyi mnajua), na mimi sikuwa na habari nalo kabisa, hata kwenye kioo nilikuwa silioni, mpaka alipokuja Pulkeria.

Pulkeria ni shangazi yake Projestus, dada wa tumbo moja na baba yake. Ana sauti ya kuitia ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde. Alikuja kwetu kumtazama mchumba, kama ilivyo desturi, akakalishwa, akapewa kahawa za kutafuna, akatafuna taratibu huku ananizungushia macho toka kichwani mpaka visigino, halafu akamgeukia mama akasema kana kwamba mimi ni mbuzi wa mnadani:

"Mtoto ni mzuri. Mikono ya kazi anayo, adabu anayo. Ila huo mdomo sasa! Kwenye picha ya harusi atatoka kama aliyetafunwa na panya."

Mama akacheka, kile kicheko cha adabu cha mbele ya mgeni (nilimnunia wiki nzima kwa sababu ya kicheko kile). Na mimi je, nilifanya nini? Nilipiga magoti, nikapokea kikombe, nikasema, "Ahsante, shangazi." Ahsante! Kwa kuambiwa nimetafunwa na panya! Mpaka leo nikipita nyuma ya nyumba ya mama natamani nimkute yule msichana aliyepiga magoti pale, nimzabe kofi.

Kuanzia siku hiyo nikawa na kazi moja, kujitazama. Najitazama kwenye kioo, kwenye maji ya ndoo, kwenye mfuniko wa sufuria. Kovu nalo likaanza kukua, au niseme macho yangu ndiyo yaliyolikuza, maana baada ya wiki mbili nilikuwa naona uso mzima ni kovu na mimi nimebaki pembeni. Na hapo ndipo mteja mmoja, aliyekuja kupunguziwa gauni, akaniambia Omurushaka kuna daktari wa sura.

Jina lake silitaji kwa sababu hakuwa na jina moja. Kwa huyu alijiita hivi, kwa yule vile, ila wote tulimwita Daktari kwa kuwa alivaa koti jeupe lenye kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba ya wageni, ukutani amebandika picha za wanawake alizokata kwenye magazeti ya kigeni, na alisema wakati wa vita aliwashona nyuso wanajeshi mpaka mama zao wakashindwa kujua walipoumia. Ng'oa meno, tahiri, toa chunusi, yote alikuwa anafanya humo humo. Sasa mtu mwenye akili angesikia "ng'oa meno" na "sura" kwa mtu mmoja, angegeuza baiskeli. Mimi nilimwambia mama nakwenda Omurushaka kutafuta nyuzi, nikaenda kuketi kwenye kreti la bia chumbani kwa Daktari.

Akanishika kidevu, akakigeuza huku na huku. Mikono yake ilinuka spiriti na samaki.

"Dada, hili ni jambo dogo," akasema. "Kazi ya ovyo utaijua, mtu anatoka anaonekana ametengenezwa. Kazi nzuri haionekani. Mimi nikikumaliza, atakayekutazama atasema ulizaliwa hivyo."

Ulizaliwa hivyo! Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Sikutaka kupendeza kama wale wa ukutani, nilitaka tu nirudi nilivyokuwa kabla ya panga, na huyu mtu alikuwa amelisema lile lililokuwa moyoni mwangu kabla sijafungua mdomo. Nikakubali. Nikampa kitenge changu kipya cha kutoka Uganda, nilichokuwa nimejiwekea kwa ajili ya kupokelea wageni wa harusi, na yeye akakipokea akakinusa kwanza.

Akanichoma sindano ya ganzi, shavu likafa. Akachukua wembe. Sikuona alichokata, lakini nilikiona alichotupa, kipande cha ngozi kirefu kuliko kovu, kimedondoka kwenye kopo, na hapo hapo nikashtuka, kwa sababu jamani, mimi ni fundi cherehani! Hakuna mtu Bugene nzima aliyejua vizuri kuliko mimi kwamba kitambaa ukikikata zaidi ya kipimo, pindo litavutika na nguo yote itapanda upande mmoja. Nililijua hilo, nikalifikiria kabisa kichwani, tena nikafikiria nimwambie, halafu nikaona haya kumfundisha daktari kazi. Na alipotoa uzi niliutambua pia, ulikuwa uzi wa cherehani wa rangi ya kahawia, wa aina ile ile niliyokuwa nikishonea mapindo ya sketi za shule.

"Wengine wanatumia uzi mweusi, unaonekana," akasema huku anashona. "Mimi nachagua rangi ya ngozi ya mteja."

Akanifunga bandeji, akaniambia nisicheke, nisitafune vigumu, siku ya tatu nifungue, nipake poda kidogo, nikatembee. Nilipoomba kioo akasema kioo cha kazi kimevunjika. Nyumbani mama akauliza bandeji ya nini, nikasema jipu. Akauliza jipu gani hilo lililoota kati ya asubuhi na mchana. Nikaingia chumbani.

Siku ya tatu, kabla sijafungua, dereva wa lori la kahawa akasimama mlangoni kwetu na salamu kutoka Kimuli. Baba yake Projestus amefariki, alilala vizuri hakuamka, mazishi leo alasiri.

Mama alikuwa na mguu uliovimba, hawezi safari ya lori. Akaniambia, "Domitila, wewe ndiye mkwe. Nenda ukalie na wenzako, ukoo wote utakuwepo, leo ndiyo watakujua wewe ni mtu gani." Maskini mama. Walinijua.

Basi nikakaa mbele pamoja na dereva, barabara ile na vumbi lake, bandeji imelowa jasho, imeanza kunuka, inawasha. Tulipokuwa tumesimama dereva anatia maji kwenye rejeta, nikaona afadhali niitoe, si siku ya tatu yenyewe ndiyo hii. Nikaitoa, nikapaka poda, nikainama kwenye kioo cha pembeni cha lori.

Ndugu zangu, nilimwona mtu anacheka. Upande wa kulia wa uso alikuwa Domitila anayekwenda msibani, amenuna vizuri, macho mekundu. Upande wa kushoto kona ya mdomo ilikuwa imepanda imeshikamana na shavu, meno mawili yako nje, kama mtu aliyeambiwa siri ya jirani. Nikauvuta chini kwa kidole, ukarudi juu. Nikaukandamiza kwa kiganja, nikaachia, ukarudi. Na uzi hauonekani! Kwenye kazi yote ya yule mtu hicho ndicho kitu kimoja alichokifanya sawasawa, uzi ulilingana na ngozi yangu, na poda ikafunika uvimbe, kiasi kwamba ukisimama hatua mbili huoni jeraha, huoni mshono, unaona mwanamke mwenye afya yake anayefurahi. Alisema haitaonekana, na kweli haikuonekana.

Ningerudi. Hapo ndipo pa kurudi, na mkiniuliza kwa nini sikurudi nitawaambia sijui, nilifikiri nitajifunika kanga mpaka puani, nitakaa nyuma, nitalia kwa sauti tu. Nikafika Kimuli nimejifunika hivyo. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Nyasi zimetandikwa ndani, wanawake wamekaa, katekista anaongoza rozari, nikapiga magoti kwa wakubwa, shikamoo zangu zikatoka kupitia kanga, wakaitikia marahaba na kusema maskini, ana uchungu, hata uso haonyeshi. Projestus nilimwona kwa mbali, macho yamevimba, akanipungia mkono kidogo tu, na mimi nikalia kweli, kwa sababu yule mzee alinipenda. Aliwahi kuniambia nikiolewa nitamshonea kaptula yenye mifuko minne, na hakuna aliyewahi kunipa kazi kwa heshima namna ile.

Ikafika zamu ya kuaga. Tunapita mmoja mmoja mbele ya jeneza, na Pulkeria amesimama kichwani pa kaka yake, anampekua kila anayepita kwa macho. Nikafika. Nikainama. Nikasikia sauti yake:

"Mkwe, fungua uso. Hapa hatumuagi mzee kwa kujifunika kama mwizi wa kuku."

Nikatikisa kichwa. Akanyoosha mkono mwenyewe akaivuta ile kanga.

Na mimi nalia, mnaelewa? Machozi yanatiririka, kifua kinapanda na kushuka. Lakini mtu akilia mdomo hutanuka, na wangu ulikuwa na njia moja tu ya kutanukia, juu, kwa hiyo kadiri nilivyozidi kulia ndivyo meno yalivyozidi kutoka, na nikasimama pale mbele ya maiti ya baba mkwe wangu, mbele ya ukoo mzima, nimekenua.

Halafu ikaja ile sauti ya kuitia ng'ombe.

"Anacheka! Jamani njooni muone, huyu mtoto anamcheka marehemu!"

"Sicheki, shangazi," nikasema. Yaani nilitaka kusema hivyo. Shavu lilikuwa limevimba kwa ndani, mdomo haufungi, kikatoka kitu kama "Shishe'i shanga'i", na mate juu, na mwanamume mmoja nyuma akasema kwa huzuni kabisa, "Amekunywa." Basi lile neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo mpaka uani, amekunywa rubisi, amekuja msibani amelewa, mkwe amelewa anacheka, na kila nilipojaribu kueleza nikazidi kuwa mlevi. Nikaonyesha shavu kwa kidole, wakaona mlevi anajitomasa shavu. Nikamtafuta Projestus. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nikasema jina lake, na jina lake lina herufi ambazo mdomo wangu siku ile haukuwa nazo, akanitazama mara moja, akatazama wajomba zake, akatazama chini.

"Domitila," akasema, "nenda nyumbani."

Ningekuwa na uso wa kawaida angeona alichonifanya. Hakukiona. Aliona mtu anamkenulia.

Wanawake wawili wakanishika mikono wakanitoa kupitia nyuma, kwenye kibanja, wakaniacha kati ya migomba kama maganda. Mmoja wao, mama wa makamo, akarudi baadaye na maji, akaniangalia kwa karibu, akauona uzi. Akasema "Yesu wangu," akanitafutia mahali pa kulala kwa jirani. Nilisikia nyimbo za mazishi kutoka kule, sauti ya besi nikaitambua.

Kesho yake lori likanirudisha, likanishusha Omurushaka, na ilikuwa siku ya soko. Sikupanga kumtafuta. Nawaapia nilikuwa navuka tu barabara. Lakini alikuwa ametoka na meza yake nje ili watu wamwone vizuri, koti jeupe, kalamu tatu, na kwenye ile meza, kama kitambaa cha kuwekea makopo na koleo lake la meno, alikuwa ametandika kitenge changu.

Sijui nilifikaje. Najua nilikuwa nimeshika koti lake kifuani na nilikuwa nampigia kelele, nyote mnanijua nikikasirika, kelele zangu zinasikika mpaka Kayanga. Nikamwita mwizi, muuaji, fundi wa viatu. Watu wakaanza kukusanyika. Na mnajua walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanatabasamu! Wananitazama usoni, wanaona mwanamke anacheka mpaka meno yote nje huku amemshika mwanamume koti, na mama mmoja wa nyanya akamwambia mwenzake, "Ni mke wake huyo, wanataniana." Nikamgeukia yule mama nikamwambia simjui mtu huyu, simtanii, na yeye akacheka zaidi, akasema wanandoa wa siku hizi hawana haya.

Na yule mtu, badala ya kuona aibu! Alinishika kidevu vile vile kama siku ile, akanigeuza kwa watu, akapaza sauti:

"Mnamwona huyu? Wiki jana alikuja kwangu na kovu na huzuni. Kuna anayeona kovu? Kuna anayeona huzuni? Njooni karibu, tazameni, asili kabisa, kama alivyozaliwa!"

Watu wakasogea kutazama. Kuna aliyesema kweli, kovu halionekani. Kuna aliyeuliza kama anaweza kumtengenezea dada yake.

Nikafungua mdomo nipige ukelele ambao haujawahi kupigwa Omurushaka, na ukelele ukatoka, na uzi ukakatika. Nilisikia mmoja, halafu mwingine, halafu yote, kama mtu anayechana pindo bovu, na damu ikamwagika kwenye koti lake jeupe. Hapo ndipo waliponiamini. Yule mama wa nyanya akapiga kelele, akavua kanga akanikandamiza shavu, wanaume wakauliza ni nini, nani, na katika zile fujo za kunihurumia yule mshenzi akapanda baiskeli ya mtu akaondoka. Aliacha meza, makopo, koleo. Mpaka leo sijui aliishia wapi, na simtakii mwisho mwema, Padre anisamehe.

Kwenye hospitali ya misheni nilipokewa na sista mmoja daktari, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akalitazama jeraha muda mrefu.

"Nani alikushona?"

Nikamweleza, nusu kwa maneno nusu kwa mikono.

"Huyo anashona magunia," akasema. Alikuwa amekasirika, na nilimpenda kwa hasira ile. "Na wewe, kovu lako la zamani lilikuwa na shida gani?"

Nikasema lilikuwa linaonekana.

Akanionyesha kwenye uso wake mwenyewe, kwa kidole, ile mikunjo inayotoka puani kushuka mdomoni. Akasema uso una njia zake, kila mtu na zake, anayekata lazima afuate njia hizo na asitupe ngozi, maana ngozi ya uso haina akiba, na akiwa fundi wa kweli kuna siku atamwambia mgonjwa nenda nyumbani, sikugusi. "Kovu lako lilikuwa limejilaza lenyewe kwenye njia yake," akasema. "Ungekuja kwangu nisingeligusa. Sasa sikuahidi kukurudishia mdomo wako. Nakuahidi mdomo unaofunga."

Nililala pale wiki tatu, kwanza usaha uishe, halafu ndipo ashone. Projestus alikuja wiki ya pili, na ndizi za kuchoma ambazo nisingeweza kutafuna (hakufikiria hilo). Nikageukia ukutani.

"Niliogopa ukoo," akasema.

Akakaa kwenye kiti mpaka wakamtoa. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, kwa miguu, hatua zote zile kutoka alikofikia, na siku ya nne akasema, "Nilipaswa kuja kukutazama kwa karibu. Zilikuwa hatua nne tu." Hapo nikageuka. Alikuwa amezihesabu kama nilivyozihesabu mimi.

Lakini ukoo ulikuwa bado. Wakatuma neno kwamba siku ya kuondoa matanga nifike Kimuli, niombe radhi mbele ya wote kwa kumcheka marehemu, vinginevyo hakuna ndoa. Mama akasema nenda uombe, mwanangu, radhi haivunji mfupa. Nikaenda. Plasta mdomoni, Projestus kando yangu, na safari hii alisimama karibu mpaka mabega yakagusana, na sikujifunika kitu.

Nikapiga magoti nikasema, pole pole ili kila neno litoke zima, "Naomba radhi kwa ujinga wangu wa kumpa mtu asiye daktari uso wangu aukate. Naomba radhi kwamba siku ya kumuaga baba mliniona vile. Kwa kucheka siombi radhi, kwa sababu sikucheka. Nililia. Kama kuna wa kuulizwa kwa nini nilikwenda kukatwa, muulizeni shangazi, aliyesema nimetafunwa na panya."

Mimi nikasema moyoni basi, ndoa imekwisha. Mjomba mkubwa akamgeukia Pulkeria, akamuuliza kama alisema hivyo. Na Pulkeria, mwanamke wa sauti ile, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia tena:

"Nilikuwa natania tu."

Alikuwa anatania tu! Nikatazama kila mtu, nikitaka waone nilivyokasirika, na mdomo wangu chini ya plasta ulikuwa umejiinua zake kona.

Mjomba akaamua Pulkeria anipe kahawa za kutafuna kwa mkono wake mwenyewe, ndiyo mapatano, na mimi nizipokee. Akanipa. Siwezi kutafuna, nikazifumbata mkononi mpaka mwisho wa kikao, zikanichora kiganja. Mwaka uliofuata tukafunga ndoa, tukaja kukaa hapa Bugene. Picha zilipigwa, natoka nimefurahi kuliko bibi harusi yeyote wa Karagwe, na ninyi mkija kwangu mnazisifu.

Sista alitimiza ahadi, mdomo unafunga. Lakini kile kipande alichokitupa yule mtu kwenye kopo hakikurudi, na upande wa kushoto utabaki juu kidogo mpaka nizikwe. Nikigombeza watoto wanafikiri nacheza. Nikienda kushtaki kwa mwenyekiti kwamba mbuzi wa jirani wamekula mihogo yangu, jirani anasema, si unaona mwenyewe hana kinyongo. Nimebaki na hasira ambazo hazina pa kutokea ila kwenye ulimi, ndiyo maana mnaniona naongea sana. Nikiona msichana anajitazama kwenye kioo zaidi ya inavyohitajika kuchana nywele, nakichukua kioo naondoka nacho. Na mtu yeyote atakayeniambia anaweza kunirekebisha kidogo tu, isionekane, nimeapa nitamrekebisha yeye, na itaonekana.

Pulkeria sasa ni mzee, macho hayaoni vizuri, watoto wake wako mbali, na mnajua anakaa wapi? Kwangu. Mimi ndiye ninayempikia uji. Juzi nimemshikisha bakuli, akanywa, akajifuta mdomo, akaniinamia kama mtu anayetaka kuambiwa siri.

"Domitila mwanangu, sasa tumezeeka wote, niambie ukweli. Siku ile hukucheka hata kidogo?"

Nikatoka nje nikasimama kwenye migomba mpaka moyo ukatulia. Nikarudi nikamwongezea uji. Lakini nimeshamwambia Projestus, na ninyi nawaambia muwe mashahidi: siku shangazi yake akifa, mimi nitapika, nitachota maji, nitatandika nyasi nyumba nzima kwa mikono yangu, ila kwenye jeneza lake sitapita, hata aje nani kunivuta.